Mke wangu anataka Spitsi, mimi nataka Shepadi, tuchukue yupi?

SWALI: Dokta habari za kazi. Tumehamia Goba mwaka huu, kwetu wenyewe, mimi na mke wangu, watoto wawili (miaka 7 na 3) na dada wa kazi. Juzi jirani kaibiwa pampu ya maji usiku, tangu siku hiyo usingizi sina, nataka mbwa. Mimi nataka Jemani Shepadi, mke wangu anataka Japanizi Spitsi, wale weupe wenye manyoya mengi, anasema Shepadi atawatisha watoto, mi naona kile kimbwa ni cha mapambo tu kitalinda nini. Natoka home saa 11 na nusu alfajiri kukwepa foleni narudi saa 2 usiku, mke yuko dukani mpaka jioni. Fensi upande mmoja bado haijaisha. Halafu mama mkwe huwa anakuja kutoka Tanga anakaa hata mwezi, ni mtu wa swala tano, sijui itakuwaje. Kuna mtu ana mtoto wa Shepadi wa wiki 5 anasema nikamchukue wikiendi hii. Nisaidie.
Baba wa wawili, Goba, Dar es Salaam

JIBU: Kaka pole kwa hofu, ila wikiendi hii usiende kuchukua mbwa. Wiki 5 bado ananyonya, na bado yuko na wenzake anajifunza kwamba aking'ata sana mwenzie analia na mchezo unaisha, ukimtoa kabla ya hapo hilo somo atakuja kulifanyia kwa mtoto wako wa miaka 3. Walau wiki 8.

Sasa tuje kwenye Shepadi mwenyewe. Wewe unamwona kama mlinzi lakini asili yake ni mbwa wa kuchunga kondoo kule Ujerumani, mwaka 1899 bwana mmoja anaitwa Max von Stephanitz alimnunua mbwa akampa jina la Horand na huyo ndo akawa wa kwanza kuandikishwa kwenye mbegu hii, na alichokuwa anakitafuta ni mbwa wa kutembea na mifugo kutwa nzima huku anamsikiliza mtu. Yaani kichwa chake kimeumbwa kwa kazi na kwa kuwa na mtu. Wewe haupo masaa 14 na zaidi, mke hayupo, kwa hiyo atajitafutia kazi mwenyewe, atachimba, atatafuna mabomba, atabwekea kila kivuli, na mwisho wa siku kila anayegonga geti kwake ni adui. Dume linafika kilo 30 mpaka 40, nani atalishika, huyo dada? Na kwa mtoto wa miaka 3 hata furaha tu ya kumkimbilia inatosha kumwangusha chini vibaya.

Hili naliongea kwa uchungu maana nilishalifanya. Naanza kazi nilikuwa na Shepadi wangu, mchana mnyororo usiku namfungulia, nikiamini kama wengi wetu tunavyoamini kwamba mbwa akifungwa ndo anakuwa mkali. Alikuwa mkali kweli, ila alipofika mwaka na nusu hamjui tena mgeni na mwizi, akamng'ata mtoto aliyekuwa anatuletea maziwa, nyuma ya goti, na kile kilio mpaka leo nakisikia. Kosa lilikuwa langu, mbwa nilimharibu mimi.

Spitsi ana kilo 5 hadi 10 tu, hamkamati mtu na asikudanganye muuzaji. Lakini ana masikio na anabweka, na anayekuja kung'oa pampu saa 8 usiku anategemea mmelala, Spitsi akianza wewe unaamka, taa zinawaka, majirani wanaamka. Kwa kwenu hiyo kazi inatosha. Manyoya yake myachane mara 2 au 3 kwa wiki, na tafadhali msimnyoe hata joto la Januari likizidi, yale manyoya ndo yanamkinga ngozi na jua, mpeni kivuli na maji na mmtembeze alfajiri au jioni.

Tatizo la Spitsi kwenu ni lingine, hawezi kukaa peke yake bandani, anataka watu, na hapo ndo mama mkwe anaingia. Waislamu wengi wa pwani ni wa madhehebu ya Shafii, kwao mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara 7, moja kwa udongo. Mbwa wa ulinzi anaruhusiwa kufugwa, shida ni akilamba vyombo, nguo au mkeka wa kuswalia. Kwa hiyo mwekeni kwenye baraza ya nyuma karibu na jiko, muweke kigeti, awaone watu na watu wamwone, ila sebuleni na vyumbani asiingie kabisa, na bakuli lake lioshwe kivyake.

Fensi malizeni kwanza kabla ya mbwa yeyote. Chanjo ya parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kuhara na kutapika, inaanza wiki ya 6 hadi 8 na inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, parvo inaua watoto wa mbwa haraka sana. Kichaa cha mbwa anachanjwa akifika miezi 3 halafu tunarudia kila mwaka, kadi mtunze. Ugali wa dona na dagaa anakula vizuri, ila vitunguu, chokoleti na mifupa ya kuku iliyopikwa hapana.

Mi nasema mchukueni Spitsi. Shepadi ngoja mpaka kazi yako ikuachie muda wa walau saa zima asubuhi na saa zima jioni kila siku, si wikiendi tu, na ujue pia ugonjwa wa kupe humpiga Shepadi vibaya kuliko wengi. Na kama hela inabana, hukuniuliza ila nakwambia, mtoto wa mbwa wa kienyeji akilelewa na watu na akachanjwa ni mlinzi mzuri sana na joto letu amelizoea.

Mama mkwe mpigie wewe mwenyewe kabla hujalipa hata shilingi, usimtume mke wako, na umuulize baraza ya nyuma anaionaje.