Maswali yenu kuhusu Ram Gopal Varma

Toleo lililopita niliandika kwamba Satya ndiyo picha ya majambazi iliyonibadilisha jicho. Wengi mmeuliza kuhusu mwongozaji wake, Ram Gopal Varma. Leo nafasi yote ni yake.

Umemwita mtu wa Kitelugu. Kwani Kitelugu si Kihindi? (Msomaji, Tanga)

Si Kihindi, wala lugha hizo si ndugu. Kitelugu ni cha jamii ya Kidravidi, na wanaokizungumza, wengi wao katika majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana, wanapita milioni 80. Sinema yake iko Hyderabad na ina mastaa wake ambao Mumbai, makao ya sinema ya Kihindi, hawakuwatengeneza. Sisi tumezoea kusema "picha la Kihindi" kwa kila kinachotoka India, na hapo tunawapunja watu wengi. Varma alizaliwa mwaka 1962, akajenga jina kwa Kitelugu, ndipo akaingia Mumbai akiwa mgeni. Huo ugeni ushikeni, nitaurudia.

Alisomea chuo gani cha filamu? (Mwanafunzi, Dodoma)

Hakukanyaga chuo cha filamu. Alisoma uhandisi wa ujenzi Vijayawada, akafanya kazi kwa muda mfupi kwenye ujenzi wa hoteli moja Hyderabad. Alikuwa anawaza kwenda Nigeria kutafuta pesa, mpaka siku alipoingia kwenye duka la kukodisha mikanda ya video na kubadili mawazo. Akafungua duka lake mwenyewe mtaa wa Ameerpet. Fikiria kijana amezungukwa na mikanda kutwa nzima, anaiangalia na kuirudia, na anawaona wateja wanavyochagua.

Baba yake alikuwa fundi sauti wa studio ya filamu ya Annapurna, kwa hiyo mlango wa kubisha alikuwa nao. Alianza kama msaidizi wa mwongozaji, na mwaka 1989 akakabidhiwa picha yake ya kwanza, Siva, akiwa na mwigizaji Nagarjuna, mtoto wa mwenye studio. Mwanangu, usidanganyike kwamba kujuana ndiko kulikombeba. Kujuana kulimwingiza ndani; kilichoonekana kwenye kioo kilikuwa chake.

Ni kweli Siva ndiyo ya cheni ya baiskeli? (Msomaji, Mombasa)

Ndiyo hiyo. Siva ni mwanafunzi mpole, wahuni wa chuo wanamchokoza, naye anaing'oa cheni ya baiskeli kwa mkono na kuizungusha ngumini. Mimi hupenda zaidi ile ya kukimbizwa, Siva akiwa juu ya baiskeli na mtoto wa kaka yake. Varma alitumia stedikamu, kifaa ambacho mpiga picha hukivaa mwilini ili akimbie bila picha kuruka-ruka. Wakati huo sinema ya India ilikuwa haijakizoea. Ukiangalia utajikuta na wewe unapumua kwa shida. Mwaka uliofuata aliirudia picha hiyo kwa Kihindi.

Tangu utoto tunaambiwa stelingi hafi. Mbona Satya anakufa? (Msomaji, Morogoro)

Samahani kwa ambao hawajaiona, lakini swali hili lazima nilijibu. Satya, ya mwaka 1998, inamfuata kijana mwenye jina hilo anayefika Mumbai kutafuta kazi. Hatuambiwi ametoka wapi. Anagombana na wahuni, anatupwa jela, na humo anakutana na Bhiku Mhatre, jambazi anayecheka kwa sauti na kumpenda mkewe huku wakigombana. Manoj Bajpayee alimcheza Bhiku mpaka akapata Tuzo ya Taifa ya filamu ya India, ilhali kabla ya hapo wachache walimjua.

Varma hakuwapa majambazi wake majumba ya kifahari. Aliwaweka kwenye vyumba vyenye joto, wanalalamika, wanakula, simu inaita, mtu anakufa. Hati iliandikwa na Saurabh Shukla na Anurag Kashyap, aliyekuwa bado kijana asiyejulikana, na mmoja wa wapiga picha alikuwa Mmarekani, Gerard Hooper. Watu wa nje waliitazama Mumbai kwa macho ya mtu aliyeshuka kwenye treni asubuhi hiyo. Sasa, kijana asiye na nyumbani, aliyeua na kupenda mjini humo, angebaki hai vipi? Mimi nilisikitika, lakini sikuhisi nimedanganywa.

Je, aliwahi kutengeneza picha ya mapenzi na nyimbo? (Msomaji, Zanzibar)

Rangeela, 1995, yenye Urmila Matondkar na Aamir Khan. Muziki ni wa A. R. Rahman, na ndiyo picha ya kwanza Rahman kuitungia moja kwa moja kwa Kihindi. Zile za awali zilikuwa zimetafsiriwa kutoka Kitamil. Itafute, dada yangu.

Kwa nini picha zake za karibuni ni dhaifu? (Msomaji, Nairobi)

Hili linaniuma. Baada ya Company ya 2002 na Sarkar ya 2005, ambamo Amitabh Bachchan ananong'ona tu na watu wanatetemeka, alianza kutoa picha kwa haraka mno. Mwaka 2007 aliigeuza upya Sholay, picha maarufu ya Kihindi ya mwaka 1975, na watazamaji wakaikataa vibaya. Nadhani aliacha kuwa mgeni. Aliyekaa dukani akiwaangalia wateja alianza kujiangalia mwenyewe.

Januari 2025, Satya iliporudishwa kwenye majumba ya sinema, Varma aliitazama tena na kuandika hadharani kwamba alilia, kwa sababu mafanikio yalikuwa yamempofusha asione alichokuwa ametengeneza. Baadhi walimcheka. Mimi nilimheshimu.

Nianze na ipi? (Msomaji, Arusha)

Anza na Siva ya Kitelugu, yenye maandishi chini ya kioo. Siku ya pili Satya, usiku, simu ikiwa imezimwa.