Maswali Yenu: Entropia, Hamming na QR ya Dukani

*Entropia ni nini hasa? Darasani tumepewa fomula tu. (Mwaka wa pili, UDOM)*

Ukiniambia mwezi Julai kwamba leo Dodoma haijanyesha, hujaniambia kitu. Ukiniambia imenyesha, natoka nje kutazama. Mwaka 1948 mwanahisabati Claude Shannon aliupa mshangao huo kipimo, biti: tukio lenye uwezekano wa 1/2 lina biti 1, la 1/32 lina biti 5. Entropia ni wastani wa biti hizo, kila tukio likihesabiwa kwa uzito wa uwezekano wake.

*Kama kurudia kila biti mara tatu kunarekebisha kosa, Hamming ya nini?*

Gharama. Biti hapa ni tarakimu ya 0 au 1. Biti 4 ukizirudia mara tatu unatuma 12. Kwa msimbo wa Hamming, unaoongeza biti chache za ulinzi, unatuma 7, na kosa moja popote linarekebishika. Shika kalamu, hili halieleweki kwa kusoma tu. Data 1011 ziweke nafasi ya 3, 5, 6 na 7. Nafasi ya 1 inalinda 3, 5, 7. Ya 2 inalinda 3, 6, 7. Ya 4 inalinda 5, 6, 7. Kila kundi, pamoja na mlinzi wake, liwe na moja za idadi shufwa. Unapata 0110011.

Sasa kelele, yaani usumbufu wa njiani, igeuze biti ya 6: 0110001. Kagua. Kundi la 1 liko sawa. La 2 na la 4 yametoa witiri. Jumlisha nafasi za walinzi wake: 2 + 4 = 6. Kosa limejitaja lenyewe! Mimi naona hakuna ukurasa mzuri kuliko huu katika somo zima. Richard Hamming aliuchapisha mwaka 1950, baada ya kuchoshwa na mashine iliyogundua kosa kisha ikaitupa kazi yake. Makosa yakiwa mawili, lakini, msimbo huu utageuza biti isiyohusika.

*Nikizipu faili mara mbili, litapungua zaidi?*

Hapana. Zipu ya kwanza imeshaondoa karibu marudio yote. Mara nyingi la pili huongezeka kidogo.

*Duka moja Majengo, QR ya kulipia imechubuka lakini simu inaisoma. Kwa nini?*

Ni msimbo wa kurekebisha makosa uitwao Reed-Solomon, wa mwaka 1960. QR ina ngazi nne za ulinzi. Ya chini hurudisha takriban 7% ya data iliyoharibika, ya juu 30%. Ila ile miraba mitatu mikubwa ya pembeni haimo kwenye ulinzi huo. Ikichanika, simu huenda isijue hata ianzie wapi, kwa hiyo mwambie mwenye duka abandike nyingine mapema.