Jibu: Mjakaranda wa Bukavu na majani yasiyokwisha

Dada, umeuliza kwa nini mjakaranda wako hapo Bukavu una majani mazuri lakini maua ya kuhesabu, wakati mijakaranda ya kwetu Lubumbashi inajaa maua ya zambarau. Usiulaumu udongo haraka.

Kwetu mvua hukatika karibu kabisa kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa. Juni na Julai usiku ni baridi ya sweta. Mti unakaukiwa, unadondosha majani, unasimama kama kuni. Joto linaporudi Septemba, matawi hayo makavu yanatoa maua kabla ya majani, kwa hiyo unaona rangi tupu. Kufikia Oktoba njia nzima imetandikwa maua, na mengine yana nyuki bado ndani. Mwanangu alikanyaga moja pekupeku, tukajua wote mtaani.

Bukavu kiangazi chenu ni kifupi, Juni hadi Agosti hivi, na Septemba mvua imesharudi. Mti haupati kiu ya kutosha. Unaendelea na majani, maua yanatoka kidogo kidogo.

Kwa hiyo acha kuumwagilia wakati wa kiangazi, na samadi usiiweke karibu na shina, inanenepesha majani tu. Halafu, uliuotesha kwa mbegu? Basi huenda bado ni mtoto: wa mbegu unaweza kukaa miaka 7 au zaidi bila ua la kwanza. Mti wako una miaka mingapi?