Magazini kwanza, slaidi baadaye: kwa wanaoanza kubeba bastola

Kila kundi jipya linapoanza kupokea bastola kwenye ghala la silaha, sisi tunaosimamia pipa la mchanga, lile mnaloelekezea mtutu mnapotoa risasi, tunaona makosa yale yale. Vijana, shabaha mmefundishwa na mnalenga vizuri. Ila risasi isiyokusudiwa haingoji uwanja wa shabaha. Hutoka wakati wa kukabidhi zamu, wakati wa kusafisha, wakati wa kurudisha bastola kwenye holista (mfuko wake wa kiunoni), mtu akiwa amechoka na mawazo yake yako kwenye matatu ya kumpeleka nyumbani.

1. Kutoa risasi. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo mnapotutisha zaidi.

Anayekosea huvuta slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, kwanza. Risasi iliyokuwa chembani, yaani kwenye tundu la nyuma ya mtutu inapofyatuliwa, inaruka nje, anaiona ikianguka, moyo unatulia. Slaidi inaporudi mbele inasukuma risasi nyingine kutoka kwenye magazini (kibweta cha risasi ndani ya mpini) na kuiingiza chembani. Ndipo anapochomoa magazini. Mkononi ana magazini, sakafuni kuna risasi, na macho yake yamemhakikishia kwamba bastola ni tupu. Kisha anavuta triga “kujaribu”, nayo inalia. Hakuna kilichoharibika kwenye silaha hiyo. Imefanya kazi yake sawasawa. Hatua zote alizijua, akazipindua mpangilio.

Mpangilio ni huu. Mtutu uelekee kwenye pipa la mchanga na ubaki huko hadi mwisho. Kidole kinyooke juu ya fremu, ule mwili wa bastola chini ya slaidi. Bonyeza kitufe cha magazini, ichomoe, iweke mezani au mfukoni. Usiibane kwapani, maana ikianza kuteleza utaifuata kwa mkono wenye bastola. Sasa vuta slaidi hadi mwisho mara tatu kwa nguvu. Mara ya nne ifungie nyuma kwa kishikizo chake. Tazama chemba, tazama tundu la magazini, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo chembani uguse. Tazama pembeni kidogo, rudi utazame tena, halafu mwonyeshe mwenzako.

Najua kugusa kwa kidole mnakuona kama usumbufu. Ndoano inayong’oa ganda ikiwa imevunjika au imejaa masizi, slaidi itakwenda na kurudi vizuri kabisa huku risasi imebaki chembani. Mara tatu au mara kumi, haitatoka. Usiku chini ya taa hafifu jicho linaweza kupita juu yake, ila kidole kitakutana na kitako cha risasi.

Kisha hesabu. Magazini ya kawaida ya Glock 17 hubeba 17. Kama ulijaza, ukakoki (ukavuta slaidi kuingiza risasi chembani), ukaongeza moja, ulitoka na 18, basi 18 zirudi mezani. Ikipungua moja, usiseme “itakuwa imeanguka”. Rudi kwenye pipa.

Msizibe dirisha la kutolea maganda kwa kiganja ili kuidaka risasi inayotoka. Slaidi ikikwama kidogo, fataki ya risasi (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) inaweza kugonga kile kijino kinachotupa maganda, nayo ikalipuka nje ya chemba. Hapo hakuna mtutu wa kuishika, na vipande vya shaba huingia kiganjani. Iache ianguke, utaiokota.

Na kwa waliojifunzia Browning Hi-Power ya zamani, ile ya 1935: ile ukichomoa magazini triga haifanyi kazi. Glock na Ceska (yaani CZ) mnazopewa kwa kawaida hufyatua bila magazini.

2. Kusafisha. Glock haifunguki mpaka uvute triga. Imeundwa hivyo, kwa hiyo ukiruka hatua za namba 1 silaha itakukumbusha kwa mlio. Ceska CZ 75 haihitaji triga: unalinganisha alama za slaidi na za fremu nyuma, unasukuma kishikizo cha slaidi kitoke upande wa pili. Kwa zote mbili, risasi zisiwe kwenye meza ya kusafishia. Heri zisiwe chumba kimoja.

3. Nyundo ya Ceska. Zile zisizo na kitufe cha kushushia nyundo hukulazimisha kuizuia kwa dole gumba huku unavuta triga, risasi ikiwa chembani. Dole lenye mafuta au jasho likiteleza, imekwenda. Hakuna haja ya kufanya hivyo koridoni wala ndani ya gari. Toa risasi zote, hakikisha chemba ni tupu, ndipo ushushe. Mkiambiwa bastola ibebwe na risasi chembani na nyundo chini, ishushieni mbele ya pipa tu, na mtutu usihame.

4. Kidole. Triga ya kawaida ya Glock huhitaji nguvu kama ya kilo 2.5. Mkono wa mtu aliyeshtuka, aliyejikwaa, au anayevuta mshukiwa kwa mkono mwingine hukaza zaidi ya hapo bila kuamriwa, kwa maana mkono mmoja ukikaza ghafla, wa pili nao huelekea kukaza. Kidole kikae juu kabisa ya fremu, karibu na slaidi. Kukilaza kwenye ukingo wa kikingio cha triga hakutoshi: ukishtuka kinateleza moja kwa moja ndani.

5. Holista. Kutoa bastola kuna haraka, kuirudisha hakuna. Inua shati, tazama, ingiza polepole. Ukisikia kizuizi, simama: huenda ni pindo la shati, kamba ya koti, au ngozi ya holista iliyolegea ikajikunja ndani ya kikingio cha triga. Ukisukuma, kizuizi hicho ndicho kitavuta triga. Holista ya ngozi iliyolainika mdomo itupwe. Kiunoni bila holista hakuna kitu kinachofunika triga, kwa hiyo hilo msilifanye hata mara moja, hata kwa safari ya dukani.

6. Ikidondoka, iache ifike chini. CZ 75 B na Glock zina kizuizi cha pini inayogonga fataki, kinachozuia risasi kutoka kwa kishindo. CZ 75 za mwanzo hazina. Hata hivyo mkono unaojaribu kuidaka hewani ni hatari zaidi, kwa kuwa vidole vinatafuta pa kushika na mara nyingi vinakuta triga.

7. Risasi ya juu kwenye magazini. Ukiikoki na kuitoa ile ile kila zamu, kichwa chake husukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo, na shinikizo la kufyatua hupanda. Isimamishe mezani karibu na nyingine mpya. Ikiwa fupi, mrudishie mtunza ghala, msiirudishe kwenye magazini.

8. Uwanjani. Ukivuta triga ikabofya tu, shikilia mtutu kwenye shabaha sekunde 30 kabla ya kuvuta slaidi, kwani baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Ukisikia mlio hafifu na mkono haukusukumwa kama kawaida, acha kufyatua kabisa, hata mkufunzi akiwa bado anahesabu. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itapasua bastola mkononi mwako. Inua mkono wa kushoto, mtutu ubaki mbele, ungoje aje.