Kabla Hujafungua Juzuu ya Kwanza ya Myne

Mnaoanza kusoma manga, yaani vitabu vya Kijapani vya hadithi za michoro, huwa mnaniuliza muanze na ipi, na ninavyowaona mnategemea niwatajie za mapanga na mapepo. Mimi huwatajia mtoto wa miaka mitano, mgonjwamgonjwa, akitembea hatua chache tu nje anaishiwa pumzi, na shida yake kubwa duniani ni kwamba hana kitabu cha kusoma. Anaitwa Myne. Manga yake kwa Kijapani ni Honzuki no Gekokujō, na ukiitafuta kwa Kiingereza utaikuta kama Ascendance of a Bookworm.

Kwa ufupi iko hivi. Motosu Urano, msichana wa Kijapani aliyebakiza kidogo aanze kazi ya ukutubi, anakufa kwa kufukiwa na vitabu vyake mwenyewe siku ya tetemeko la ardhi. Anazinduka akiwa ndani ya mwili wa Myne, binti wa askari wa lango katika mji wa Ehrenfest, ambako vitabu huandikwa kwa mkono juu ya ngozi na ni mali ya wakubwa. Nyumbani kwao hakuna hata kipande cha karatasi. Basi anaamua kwamba kama vitabu havipo, atavitengeneza. Mtunzi ni Miya Kazuki, aliyeanza kuiweka hadithi mtandaoni mwaka 2013, na riwaya zilipochapishwa zikafika juzuu 33. Sehemu mbili za kwanza za manga iliyotokana na riwaya hizo zimechorwa na Suzuka.

Neno "sehemu" lishike vizuri, maana ndilo lililoniumiza. Hadithi imegawanywa katika sehemu, na kila sehemu huanza kuhesabu juzuu upya. Nilimwomba binamu yangu anayeishi Uingereza aniletee namba 1. Akaniletea namba 1 kweli, ila ya Sehemu ya Pili. Nikafungua nikamkuta Myne yuko hekaluni, amevaa joho la buluu, anagombana na watu ambao sijatambulishwa, na mimi nikamlaumu mtunzi kwamba hajui kuanza hadithi. Nilikuwa nimefika katikati ya kurasa ndipo nikageuza kava na kusoma maandishi madogo. Kwa hiyo kabla ya kulipa hela, soma kava yote. Sehemu ya Kwanza ina juzuu 7, na ndimo mlango ulimo.

Suala la kusoma kutoka kulia kwenda kushoto silizungumzii sana. Waliosoma chuoni kwa ustadhi wanajua kitabu kinavyofunguliwa upande huo. Wengine mtazoea baada ya kurasa ishirini.

Kinachowashinda wengi ni Myne mwenyewe. Mwanzoni haelekei kupendwa. Anaamka katika nyumba ya watu maskini wanaomhangaikia usiku na mchana, yeye analia kwa sababu hakuna vitabu. Mama anafanya kazi, dada yake Tuuli anamwogesha na kumbembeleza, yeye anawaza uchafu wa nyumba na rafu zilizo tupu. Rafiki yangu mmoja aliishia sura ya tatu, akasema mtoto huyu hana adabu. Ni kweli, hana. Ila manga hii inalijua hilo, na itamdai. Ukiona anakukera, usimtetee na usimwache, endelea tu. Atakuja kuulizwa na mtu anayempenda swali gumu kuliko yote: wewe ni nani, na Myne wetu uko naye wapi? Anayeuliza ni Lutz, mtoto wa jirani, na siwaambii zaidi ya hapo. Ila swali lile lisingekuwa na uzito kama Myne angeanza akiwa mtoto mwema.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wengi wanaotoka kwenye manga za vita husoma hii kwa kurukaruka. Wakifika pale Myne anapochambua majani, anapokanda udongo, anapokoroga majivu, wanapitisha macho ili wafike "kwenye stori". Stori ni hiyo hiyo! Mapenzi ya vitabu ni rahisi kuyasema. Kila mtu akihojiwa husema anapenda kusoma. Myne anayapima kwa mikono. Anajaribu kusuka nyuzi za majani akiiga karatasi za mafunjo za Wamisri wa kale, anatoa kipande kidogo kisichofaa kitu, anakata tamaa. Anahamia vibao vya udongo, wavulana wanavikanyaga. Anavitengeneza tena, akivichoma vinapasuka. Anahamia vijiti vya mbao, anaandika juu yake kwa wino wa masizi. Hapo tazama michoro taratibu. Vile vijiti kwa Myne ni kitabu. Kwa mama yake ni kuni, na mama, ambaye hajui kusoma, anavitia motoni apikie. Hakuna mbaya pale. Ni watu wawili wanaotazama kijiti kimoja, na kila mmoja anaona kitu chake. Nimesoma kurasa zile mara nyingi na bado sijui nimlaumu nani.

Baada ya hapo ndipo linakuja suala la karatasi ya magome ya miti, ile ambayo Wajapani huiita washi. Myne anakumbuka hatua alizosoma katika maisha yake ya kwanza, lakini nguvu hana, na vyombo hana. Lutz ana nguvu ila hajawahi kuona karatasi ya namna hiyo. Wanagawana: mmoja afikirie, mwingine atengeneze. Kuna msumari, kuna kamba, kuna sufuria, na kila kimoja lazima kipatikane kwa mtu ambaye naye anataka kitu chake. Ndiyo maana mfanyabiashara Benno ana nafasi kubwa humu kuliko shujaa yeyote.

Mimi nilizielewa kurasa hizo siku nilipojaribu mwenyewe. Ninawashauri mjaribu pia, hata mara moja. Wajapani hutumia kozo, mti wa ukoo mmoja na mforosadi, na mforosadi nyumbani tunao. Nikakata matawi machanga, nikayachemsha kidogo, nikabandua magome, nikakwangua ngozi ya juu yenye rangi. Yanayobaki lazima yachemshwe na majivu au magadi, ili kile kinachogandisha nyuzi kiyeyuke. Nilipoweka magadi kwenye sufuria mama akachungulia, akauliza, "Mwanangu, hayo makande ya nani?" Hakukosea sana, maana kinacholainisha mahindi na maharage jikoni kwake ndicho kinacholainisha gome. Kisha nikatwanga kwenye kinu mpaka mkono ukaota lengelenge.

Ukizimwaga nyuzi ndani ya beseni la maji, zinazama na kushikana mabonge. Wajapani huongeza ute wa mzizi wa tororo-aoi ili nyuzi zielee na maji yachujike polepole. Mmea huo ni ndugu wa bamia. Nikakata bamia kumi, nikaziloweka, nikachuja ule mlenda, nikakoroga. Mabonge yakafunguka, maji yakawa mazito kama uji mwepesi. Hapo nikamkumbuka Myne anayehangaika kutafuta kitu chenye utelezi katika nchi ambayo hata majina ya matunda ni mageni kwake, nikajiona nimepewa upendeleo. Nikachota kwa fremu niliyoitandika chandarua kikuukuu, nikatikisa, nikaanika juu ya ubao.

Kwa ndoo nzima nilipata karatasi tatu. Moja ilichanika nikiibandua, ya pili ilikuwa na tundu katikati. Niliporudi kwenye juzuu, sura ambayo Lutz na Myne wanabandua karatasi yao ya kwanza kutoka kwenye ubao, ambayo zamani niliipita kwa dakika moja, ilinichukua jioni nzima.

Ushauri mwingine ni mdogo. Usianze na anime, yaani katuni ya video, ya mwaka 2019 ukidhani ni mkato. Si mbaya, na sauti zimechaguliwa vizuri, lakini inakimbia. Manga inakuachia mwendo mkononi mwako, unaweza kukaa kwenye kiboksi kimoja mpaka uone mikono ya Lutz ilivyo mikubwa kuliko ya Myne. Na ukisoma na wenzako, msiambiane ya mbele. Hadithi hii inalipa kwa kuchelewa.

Ile karatasi ya tatu ninayo, ngumu, ya rangi ya majani makavu, nimeifanya alamisho. Nilijaribu kuandika jina langu juu yake kwa kalamu ya wino, wino ukatambaa kama mizizi, herufi ya kwanza ikawa doa. Namna ya kutengeneza wino wa kuchapia Myne anaihangaikia katika Sehemu ya Pili. Bahati nzuri, namba 1 yake binamu yangu alishaniletea.