Kansa ilikuwa unyayoni, kwa nini altrasaundi napigwa kinenani?

Mkuu umeuliza kansa ilikuwa unyayoni halafu daktari kakuandikia altrasaundi ya kinena kila baada ya miezi minne, unahisi wanakula hela yako tu. Hapana aisee, mimi nimepita humohumo. Melanoma yangu, yaani kansa ya ngozi, ilikuwa kisiginoni, ikakatwa, nikajua ikirudi itarudi palepale kwenye kovu. Kumbe huyu mdudu akihama mara nyingi anapanda na njia za limfu, yaani mishipa ya majimaji ya mwili, na kwa mguu kituo cha kwanza ni tezi za kinenani, zilezile zikivimba tunasema mtu ana mtoki.

Kipimo chenyewe hakiumi, unapakwa jeli ya baridi, wanapitisha kinenani, nyuma ya goti na juu ya kovu, basi. Mionzi hakuna. Yangu mara tatu za mwanzo safi, ya nne daktari akanyamaza akawa anarudia sehemu moja tu, we acha, ule ukimya bora hata angenitukana. Akanigeuzia skrini: tezi nzima inakaa kama haragwe, katikati ina weupe wa mafuta, sasa moja yangu ilikuwa duara kama gololi, nyeusi, weupe haupo na damu inaingilia pembeni. Haikufika hata sentimita moja, mimi nilikuwa najibonyeza kila siku bafuni na sikuwahi kuihisi.

Ila picha peke yake haitoshi kusema ni kansa, hata kidonda cha kidoleni kinavimbisha tezi, so akachoma sindano palepale huku anaangalia skrini akavuta chembechembe zikaenda maabara. Ilikuwa imerudi kweli. Nikatolewa hiyo tezi.

Wanaokwambia ukatwe tezi zote mapema yaishe, zamani ndo ilikuwa hivyo. Utafiti wa MSLT-II wa 2017 ulichukua watu waliokutwa na chembe za melanoma kwenye tezi ya kwanza, wengine wakakatwa zilizobaki, wengine wakafuatiliwa kwa altrasaundi, na vifo vya melanoma havikupishana, ila waliokatwa asilimia 24 walipata uvimbe wa mkono au mguu, wenzao 6.

Ubaya wa altrasaundi, chembe ndogo kabisa haizioni, mapafu na ubongo ndo usitegemee, huko ni CT au MRI. Halafu inategemea sana mkono wa anayepima, mimi nabeba picha zote za nyuma alinganishe. Na kama una kidonda au fangasi mguu huo mwambie kabla hajaanza.