"Uvimbe sugu" au "mchochota sugu" wa mlango wa kizazi?

Swali: Natafsiri majibu ya maabara. Kinyama (kipande kidogo cha tishu) cha mlango wa kizazi kilipopimwa, niliandika "uvimbe sugu wa mlango wa kizazi". Mgonjwa alidhani ni saratani. Nilikosea wapi?

Jibu: Kosa ni "uvimbe". Neno hilo hutaja sehemu iliyofura na pia donge lililoota, na likikaa karibu na "mlango wa kizazi" msomaji huona donge. Tena mlango wa kizazi waweza kuwa na tatizo hili bila kufura hata kidogo. Andika "mchochota", yaani jinsi tishu inavyoitikia maambukizi au kuumia, ngeli ya m-/mi-: mchochota umeonekana.

"Sugu" libaki, ila ujue linasimamia nini. Daktari wa patholojia hahesabu miezi, anaangalia seli. Akikuta limfosaiti na seli za plazma, ambazo ni seli za kinga, ndizo zilizojaa ndani ya tishu, huuita mchochota sugu; neutrofili, aina nyingine ya seli za kinga, zikitawala, huuita mkali. Kwa hiyo "wa miaka mingi" ni kuongeza jambo ambalo majibu hayakulisema, na wanawake wengi wenye hali hii hawana dalili yoyote. Wala usilihamishe neno: "maambukizi sugu" humfanya mtu aelewe vimelea visivyosikia dawa.

Majibu ya namna hii mara nyingi hutaja metaplasia pia. Usiitafsiri "seli zimeharibika". Maana yake ni kwamba mahali pa seli ndefu zitoazo ute pameshikwa na seli bapa, jambo la kawaida kwenye mlango wa kizazi, wala si saratani. Displasia ni kitu kingine kabisa: hapo seli zina kasoro zinazoweza kuelekea saratani. Ukichanganya hayo mawili, umebadilisha majibu ya mtu.

Angalia pia upatanisho. "Mgonjwa alichukuliwa kinyama" husomeka kwamba alitendewa ukatili. "Kinyama kilichukuliwa" haina utata. Na kifaa ni hadubini. Darubini tumwachie atazamaye nyota, ingawa wengi huyachanganya.

Basi andika: "Kinyama kilichochukuliwa kwenye mlango wa kizazi kimeangaliwa kwa hadubini na kimeonekana kuwa na mchochota sugu. Displasia haikuonekana." Sentensi ya mwisho usiiache kama imo kwenye majibu, maana ndiyo mgonjwa anayoitafuta; kama haimo, usiiongeze.